Mama Muuguzi Anajibu: Kwa nini kidonda cha pesimeka kina bili kubwa kuliko pesimeka yenyewe?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu moyo na pesa. Mwandishi wa barua ya kwanza nilishamjibu moja kwa moja, maana mgonjwa wake hakuwa wa kungoja toleo. Ninaichapisha kwa ruhusa yake kwa sababu najua kuna nyumba nyingine zenye mzee anayeficha uvimbe chini ya shati.

Swali

Shikamoo Mama Muuguzi. Baba yangu ana miaka 71. Aliwekewa pesimeka, kile kifaa kidogo cha umeme kinachousaidia moyo kupiga, miaka tisa iliyopita, na mwaka jana akabadilishiwa betri. Miezi michache baadaye pale kifuani pakavimba na kupata joto. Alificha, akasema hataki kututia hasara nyingine. Tulipogundua tukampeleka kituo cha afya cha jirani, akapewa vidonge vya antibiotiki. Uvimbe ukapungua, ukarudi, akapewa tena. Mara ya mwisho walimchoma sindano kuvuta maji. Sasa pametoboka na ukiangalia unaona kona ya chuma.

Hospitali kubwa wanasema lazima watoe kila kitu, kifaa na nyaya zote, alazwe, kisha awekewe kingine upande wa pili. Makadirio waliyotupa ni mara kadhaa ya tulicholipa mara ya kwanza, na bima imesema italipa sehemu tu. Maji yamezidi unga. Wajomba wanasema kifaa kioshwe, kirudishwe, kidonda kishonwe. Je, tunaibiwa? Na kwa nini tununue kifaa cha pili wakati hiki kinafanya kazi?
*Binti wa kwanza*

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Kwa unavyonieleza, tiba mliyotajiwa ndiyo tiba yenyewe. Bei yake tutaizungumza, lakini mpelekeni baba leo hata kama mazungumzo ya pesa hayajaisha. Chuma kikishaonekana nje, madaktari huhesabu kwamba mfumo mzima umeingia vijidudu, awe ana homa au hana.

Waeleze wajomba hivi. Bakteria wanaosababisha jambo hili, hasa wa jamii ya stafilokoka, wanaishi kwenye ngozi zetu sote. Wakifika kwenye chuma na plastiki hujijengea utando unaonata, na ndani ya utando huo dawa haiwafikii ipasavyo. Ndiyo maana vidonge vilishusha uvimbe na baada ya muda ukarudi. Tena nyaya hazikomei pale kifuani. Zinapita ndani ya mshipa mkubwa hadi kwenye vyumba vya moyo, kwa hiyo kidonda cha nje kina njia ya kufika ndani. Niliwapokea wodini wagonjwa waliooshwa kidonda na kushonwa upya vizuri kabisa, na mshono ukafunguka palepale. Walilipa upasuaji ule, kisha wakalipa na huu ambao baba yako anaambiwa afanyiwe.

Sasa nikueleze siku za kutoa kifaa zilivyo, maana humo ndimo bili inamozaliwa.

Kwanza damu huchukuliwa zaidi ya mara moja na kuoteshwa maabara, ili ijulikane ni bakteria gani na anauawa na dawa ipi. Kisha mgonjwa hufanyiwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kipimo kinachopitishwa kwenye umio, kwa sababu picha ya kupitia kifuani peke yake inaweza kukosa uvimbe mdogo ulioota kwenye waya au kwenye vali, ile milango ya moyo. Halafu tunauliza swali ambalo mimi nililiogopa kila siku ya kazi yangu: je, moyo huu unaweza kupiga wenyewe bila msaada?

Tunalipima kitandani. Mashine ya kusomea pesimeka inawekwa juu ya kifua, muuguzi anashusha kasi kidogokidogo huku macho yakiwa kwenye skrini. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akinisimulia habari za wajukuu zake wakati nikishusha. Tulipofika mapigo 40 kwa dakika akanyamaza katikati ya neno, mstari kwenye skrini ukanyooka, akasema, "Mwanangu, naona giza." Nilirudisha kasi na akaendelea na habari zake. Mgonjwa kama huyo huwezi kumtolea kifaa na kumwacha. Anawekewa waya wa muda kupitia mshipa wa shingoni, unaunganishwa na pesimeka iliyobandikwa nje juu ya ngozi, na anakaa chini ya monita usiku na mchana mpaka atakapopata kifaa kipya. Kitanda cha namna hiyo ni ghali kwa sababu kina muuguzi asiyeondoka.

Kung'oa nyaya nako ni kazi nyingine kabisa na ile ya kuziweka. Waya ukishakaa mwilini zaidi ya mwaka hivi, mwili unaushika kwa kovu, kwenye mshipa na kwenye moyo. Wa baba yako una miaka tisa. Daktari hutumia mirija maalumu inayovishwa juu ya waya na kukata kovu, mingine kwa leza, mingine kwa ncha inayozunguka, na mingi ya mirija hiyo hutumika mara moja tu. Mshipa ukipasuka, dakika ndizo zinazoamua. Kwa hiyo daktari wa upasuaji wa moyo anakuwa tayari, mtaalamu wa usingizi yupo, na damu ya kundi la mgonjwa imeshaandaliwa. Wote hao wapo kwenye bili hata siku ambayo hawakuhitajika, na mimi ningetaka baba yangu awe nao.

Baada ya hapo ni dripu. Kama maambukizi yamebaki kwenye mfuko wa kifaa, yaani ile nafasi chini ya ngozi kinapokaa, dawa huendelea kwa takribani wiki mbili tangu kifaa kitolewe. Kama yameingia kwenye damu huongezeka, na kama yameshika vali ya moyo huwa wiki nne hadi sita. Kifaa kipya hakiwekwi mpaka damu iliyooteshwa iwe safi kwa angalau saa 72, na kinawekwa upande mwingine. Kile cha zamani hakirudi mwilini mwake, hata kikioshwa namna gani.

Ukijumlisha hayo utaona pesimeka yenyewe ni sehemu moja tu ya jumla. Utafiti mkubwa ulioitwa WRAP-IT, uliotoa matokeo yake mwaka 2019 baada ya kuandikisha karibu wagonjwa 7,000, ulifuatilia pia gharama. Katika hospitali za Marekani, kila maambukizi makubwa ya kifaa cha moyo yaligharimu hospitali wastani wa zaidi ya dola 55,000. Hiyo ni nchi yenye bei zake, lakini mtiririko wa kazi ni uleule popote.

Sasa tuzungumze pesa kwa vitendo. Mlichopewa ni makadirio, na makadirio yanaulizwa. Omba mchanganuo kwa maandishi: siku ngapi za kitanda chenye monita na ngapi za wodi ya kawaida. Huwa nakuta hospitali imekadiria siku zote kwenye kitanda cha bei ya juu, wakati mgonjwa ambaye moyo wake unapiga wenyewe anaweza kuhamia wodi ya kawaida mapema. Mirija ya kung'olea iandikwe kwa idadi, na mwishoni mlipie iliyofunguliwa tu. Uliza pia kama dripu za wiki za mwisho anaweza kuchomwa kliniki kwa kuja na kurudi. Si kila mgonjwa anafaa, ila swali halina gharama.

Kuhusu kifaa cha pili, usilipie kabla daktari hajajibu kama baba bado anakihitaji. Hili watu hawaulizi, na mimi naliona ndilo swali la maana kuliko yote kwenye barua yako. Sababu ya kuwekewa miaka tisa iliyopita inapaswa kupimwa upya. Wapo ambao moyo wao umepata nafuu au dawa iliyokuwa ikiupunguza mwendo imeachwa, na hao huenda nyumbani bila kifaa. Kama anakihitaji, uliza ni cha aina gani na kwa nini, maana cha waya mmoja na cha nyaya mbili havilingani bei.

Kwa bima, mwombeni daktari aandike barua inayosema wazi kwamba hii ni tiba ya lazima ya tatizo lililotokana na kifaa kilichopo, na kwamba kuchelewa kunahatarisha maisha. Kisha watakeni bima waonyeshe kwa maandishi kifungu wanachotumia kukata sehemu. Mara nyingi kukata huko kunatokana na kuingiza kila kitu chini ya "kifaa kipya", ambacho kina ukomo wake, wakati kitanda, maabara, dawa na kung'oa ni matibabu ya kulazwa. Jibu la kwanza la bima lina rufaa. Kateni rufaa.

Na mwisho kuhusu baba mwenyewe. Mwambie kwa niaba yangu kwamba uvimbe ule siku ya kwanza ulikuwa habari njema kwa sababu ulionekana. Anayewahi kutolewa kifaa ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko anayesubiri, na anakaa siku chache kitandani. Wanaosoma hapa na wana kifaa: pakivimba, pakiuma, pakitoa maji, ngozi ikianza kuwa nyembamba na kung'aa juu ya kifaa, rudini kliniki iliyowawekea. Msikubali mtu achome sindano kuvuta maji, kwa sababu sindano inaweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo. Wala msianze vidonge kabla damu haijachukuliwa, maana vinaweza kuwaficha bakteria maabara.

Swali

Mama Muuguzi, mke wangu aliwekewa pesimeka, wiki ya pili waya ukahama mahali pake. Akarudishwa thieta. Tumelipishwa kama mgonjwa mpya kabisa. Watu wananiambia mke wangu ndiye mwenye kosa kwa kuinua mkono.
*Mume mwenye hasira*

Jibu

Hasira yako naielewa kaka, lakini mke wako muondoe kwenye orodha. Kuhama kwa waya ni tatizo linalojulikana, hutokea zaidi siku na wiki za mwanzo kabla ncha haijashika vizuri, na huweza kumpata hata aliyelala bila kujitikisa. Tunawaambia wagonjwa wasiinue kiwiko juu ya bega kwa wiki nne hadi sita, na tunawaambia vilevile wautumie mkono kwa kazi nyepesi ili bega lisikakamae.

Kwenye bili tazama kama kuna waya mpya au kifaa kipya. Kwa kawaida waya uleule husogezwa na kurudishwa na kifaa hubaki kilekile, kwa hiyo vitu hivyo viwili havipaswi kuonekana tena. Kisha omba kuonana na msimamizi wa malipo, si karani wa dirishani, umuulize kama hospitali ina utaratibu kwa mgonjwa anayerudi thieta ndani ya mwezi kwa tatizo la upasuaji uleule. Zipo hospitali zinazopunguza au kufuta ada ya thieta kwa hali hiyo, ila hupunguza kwa anayeomba.

Swali

Shikamoo mama. Nina miaka 28 na nina pesimeka. Nimepiga hesabu ya betri za maisha yangu yote nikakosa usingizi. Kila kubadilisha ni bili, na kila bili ina hatari yake. Kuna namna ya kupunguza?
*Kijana*

Jibu

Marahaba mwanangu. Mtu wa kwanza duniani kuwekewa pesimeka ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa kile cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20 maishani mwake na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani. Betri za leo mara nyingi hupita miaka saba, na nyingine hufika kumi na zaidi.

Lakini hesabu yako si ya bure. Kubadilisha betri watu hukuona jambo dogo kwa sababu mgonjwa anaweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mfuko uliofunguliwa mara ya pili na ya tatu una kovu, damu haipiti vizuri, na maambukizi hushika kwa urahisi kuliko mara ya kwanza. Utafiti uitwao REPLACE, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba waliobadilishiwa kifaa peke yake walipata matatizo makubwa kwa asilimia 4 ndani ya miezi sita, na waliokuwa wameongezewa waya wakati huohuo, asilimia 15. Kwa hiyo usikubali kubadilishiwa kabla betri haijafikia kiwango cha kubadilishwa, na mtu akitaka kukuongezea waya akueleze faida yake mpaka uridhike. Kila uendapo kliniki omba wapunguze nguvu ya umeme mpaka kiwango kilicho salama kwako, kwani kifaa kinachopiga kwa nguvu kuliko inavyotakiwa hula betri bila sababu.

Siku ya upasuaji uliza kama antibiotiki ya kinga inaingia mshipani ndani ya saa moja kabla ya kuchanwa. Hilo ni la lazima. Upo pia mfuko wa wavu wenye dawa, unaofunika kifaa na kuyeyuka wenyewe mwilini. Ndio uliojaribiwa kwenye WRAP-IT, na ulipunguza maambukizi makubwa ya mwaka wa kwanza kutoka asilimia 1.2 hadi 0.7. Unaongeza bei, na si kila mgonjwa anauhitaji. Kwa anayebadilishiwa mara ya tatu au mwenye figo mbovu ningeutetea mbele ya bima yoyote.

Na kama siku moja utakuwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, usiiache wala kubadilishiwa sindano za heparini, zenye kazi hiyohiyo, bila kuuliza. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliobadilishiwa heparini walivilia damu kwenye mfuko kwa asilimia 16, na walioendelea na warfarin asilimia 3.5. Damu iliyovilia huongeza mara kadhaa uwezekano wa maambukizi, na umeshasoma barua ya kwanza.

Swali

Nimepigiwa simu na kliniki: waya wa kifaa changu cha kushtua moyo umo kwenye orodha ya nyaya zenye kasoro. Nikatoe? Na nani analipa, maana kosa si langu?
*Mwalimu mstaafu*

Jibu

Pole mwalimu. Kuwa kwenye orodha hakumaanishi waya wako umekatika. Oktoba 2007 kampuni ya Medtronic ilisimamisha uuzaji wa waya wa Sprint Fidelis, wakati huo ukiwa umewekwa kwa watu wapatao 268,000 duniani, na ushauri haukuwa kuung'oa kwa kila mtu. Kung'oa waya mzima kunaweza kuwa na hatari kuliko kuuchunga. Nenda upimwe, uliza kama kifaa chako kinaweza kufuatiliwa ukiwa nyumbani, na kikikushtua mara kadhaa mfululizo hali unajisikia mzima, kimbilia hospitali muda huohuo. Huenda ni waya.

Kuhusu malipo, kosa si lako, na bado wagonjwa hulipa. Mwaka 2017 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani aliangalia aina saba za vifaa vya moyo vilivyoitishwa virudishwe au vilivyokufa mapema. Akakuta mpango wa bima wa Medicare ulikuwa umelipa angalau dola bilioni 1.5 kwa ajili yake, na wagonjwa wenyewe dola milioni 140. Fomu za madai hazikuwa na hata sehemu ya kuandika ni kifaa kipi alichowekewa mgonjwa, kwa hiyo ilikuwa kazi kubwa kujua nani anadaiwa nini. Nilipoyasoma hayo niliumia, kwa sababu namba ya kifaa tunayo sisi wauguzi, tunaibandika kwenye faili kila siku.

Basi hakikisha namba ya kifaa na namba ya waya zimeandikwa kwenye ankara yako na kwenye barua ya daktari, si kwenye kadi yako peke yake. Uliza kliniki masharti ya dhamana ya kampuni. Kampuni nyingi hutoa kifaa mbadala au kupunguza bei yake, na nyingine huchangia kiasi fulani cha gharama za hospitali, kwa sharti kwamba kilichotolewa kirudishwe kwao kikapimwe ndani ya muda uliowekwa. Nimeona waya ukiishia kwenye taka za thieta na dai la familia likafia hapo. Mwambie daktari kabla hujalazwa kwamba kinachotolewa kihifadhiwe, aandike hivyo kwenye faili, na umuagize mwanao mmoja aulize kilipo wakati wewe bado umelala.